Mchora Ramani wa Njia ya Ziwa

Mchora Ramani hakupenda kuulizwa njia. Mgeni akimsimamisha karibu na stesheni ya reli na kumwuliza posta iko wapi, alielekeza kwa kidevu na kupita zake, bila hata salamu. Sisi wa ofisini tulicheka. Mtu aliyelipwa kuwaonyesha wenzake pa kupita! "Njia ya mdomo haifiki," alisema tukimtania. "Niulize mimi, halafu kamwulize yule mama wa njugu. Utapata Kisumu mbili, na zote mbili zitakupoteza."

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi hiyo ya serikali, msichana wa kutoka Maragoli, niliyefika mjini miaka michache baada ya Uhuru. Chumba chake na changu vilitengwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba nilijua hali yake kwa masikio. Kazi ikienda vizuri, kulikuwa kimya. Wino ukidondoka pasipotakiwa, nilisikia wembe ukikwaruza karatasi polepole, kisha pumzi ndefu ikitoka puani. Kazi ikiharibika kabisa, alikohoa. Hakuwahi kutukana. Kile kikohozi kilitosha. Hata tarishi alijua asipite mlangoni na chai.

Aliniita nyar Maragoli, binti wa Maragoli, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa mama wa watoto wawili. Nilimwita Mzee, ingawa hakunizidi sana kwa miaka. Alikuwa na sura ya kuitwa Mzee: paji pana, mdomo uliobanwa, na kalamu ya risasi daima nyuma ya sikio, hata kanisani.

Sifa hakuwa nazo za kugawa. Nilimchapia maelezo ya ramani zake kwa miaka mingi, na neno zuri kuliko yote nililopata kwake lilikuwa "Inasomeka." Lakini mke wa jirani yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa na mvua ikafunga barabara, ni yeye aliyekuja na baiskeli, akamfunga yule mama kwa shuka asianguke, akaisukuma baiskeli mwenyewe kwenye matope hadi hospitali. Alipofika alikataa kushukuriwa. Alikuwa hivyo: msaada wake aliutoa kama mtu anayekukaripia.

Kazi iliyompa jina, na iliyomharibu, ilikuwa Njia ya Ziwa.

Wakubwa walikuwa wameamua kwamba pwani yetu nayo ipate wageni. Mombasa wana bahari, walisema, sisi tutakuwa na njia ya kutembea kwa miguu, safari ya siku kadhaa, kutoka Kisumu kupitia Seme na Asembo hadi Usenge. Pakatakiwa ramani, siyo ile kavu ya wapimaji, ila ramani yenye picha, ambayo mgeni angeikunja mfukoni na kutaka kuitundika ukutani akirudi kwao. Kazi akapewa yeye.

Ramani za zamani hazikufaa. Zile mvua kubwa za miaka ya Uhuru zilikuwa zimepandisha ziwa, likameza mashamba, mabomba ya maji na hata makaburi, na pale palipoandikwa ufuo sasa palikuwa na mamba. Kwa hiyo ilimbidi aitembee njia nzima, na hakuitembea mara moja. Alikwenda wakati wa jua na wakati wa mvua, na begi la turubai mgongoni na kifaa kidogo cha kupimia mwinuko, cha duara kama saa, kikining'inia shingoni. Alirudi amekonda, miguu imechanika, na nilisikia kimya kirefu nyuma ya ukuta.

Alichochora sijaona tena mfano wake. Kilikuwa karatasi ndefu kama mkanda. Sehemu ya juu ilikuwa ramani, nchi ikitazamwa kutoka juu, na ndani yake picha ndogondogo: mama anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, mitumbwi imelazwa ubavu, ng'ombe wanakunywa maji, korongo amesimama kwa mguu mmoja kwenye mafunjo. Chini ya ramani ulipita mstari mmoja unaopanda na kushuka, ukionyesha njia ikikatwa ubavu, ili msafiri ajue wapi atapanda, wapi atateremka, na kwa ukali gani.

"Ramani ya juu ni nchi kama ndege anavyoiona," aliniambia. "Lakini ndege hana magoti. Huu mstari wa chini ni wa magoti."

Mstari huo ndio ulioleta ugomvi wa kwanza. Vilima vya ufuoni si virefu. Vikichorwa kwa kipimo kilekile cha urefu wa njia, huonekana kama kamba iliyolazwa sakafuni. Basi aliviinua, na pembeni akaandika wazi kwamba ameviinua. Mkubwa wetu wa ofisi, mtu mpole wa maneno aliyependa mambo yapite, alikuja na karatasi mkononi.

"Hii itawaogopesha wageni," alisema. "Inaonekana kama meno ya msumeno."

"Waogope hapa mezani, Bwana Mkubwa," Mchora Ramani alimjibu. "Wasije wakaogopea kule juu wakati maji yameisha."

"Lakini umeongeza. Si ni uongo huo?"

"Nimeongeza vyote sawa. Mwongo ni yule anayegusa kimoja."

Mkubwa aliondoka. Siku nyingine alirudi akitaka simba, kwa sababu wageni hupenda simba. Mchora Ramani alimwambia simba wa mwisho kule Seme aliuawa wakati wa babu zake. Akaombwa viboko zaidi. "Viboko nimechora palipo na viboko. Mnataka niwahamishe?" Siku moja mkubwa aliona neno "soko" limeandikwa kwa kalamu ya risasi kando ya ghuba moja ndogo, akafurahi. "Hapa pana soko? Wanauza nini?" Nyuma ya ukuta nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia hata mara moja: Mchora Ramani anacheka. Kwa Kijaluo, soko ni chemchemi. "Maji, Bwana Mkubwa," alisema. "Bei yake ni kuinama tu."

Ghuba ile ilikuwa udhaifu wake. Ilikuwa na mikuyu mikubwa, mchanga safi, na hiyo chemchemi ya maji baridi iliyotoka chini ya jiwe. Aliishi hapo mjane mmoja aliyeanika omena, ambaye sisi ofisini tulimjua kwa masimulizi tu, tukamwita Mama wa Ghuba. Kila safari Mchora Ramani alipumzika kwake. Mama alimpa maji, akampikia, akamkanda malengelenge kwa maji ya chumvi, na akamwita japim, yaani mpimaji. Siku moja, alitusimulia mwenyewe, Mama alimwuliza:

"Na hawa wageni yako, wanakula nini?"

"Watakula kwako."

"Kwa pesa?"

"Kwa pesa, Mama."

"Basi chora jiko yangu kubwa."

Akalichora kubwa. Kwenye karatasi ile jiko la Mama wa Ghuba lilikuwa kubwa kuliko kanisa la Asembo, moshi umejipinda juu yake kama utepe, na mikuyu imelifunika, na kando yake ameandika kwa herufi nzuri kuliko zote za ramani: Pumzika Hapa. Nilimkumbusha maneno yake kuhusu mtu anayegusa kimoja. Akakunja uso. "Picha si mwinuko," alisema, akageuza kiti.

Karatasi ya kwanza ilipokamilika ilitundikwa kwenye ujia wa ofisi ili watu waione kabla haijapelekwa kuchapishwa. Walikuja walimu, makarani, masista wa misheni. Mchora Ramani alikaa chumbani, mlango wazi kidogo, akijifanya anafanya kazi. Ndipo alipokuja tajiri mmoja, mtu mwenye magari na jamaa wakubwa Nairobi, aliyekuwa na shughuli yake kwa mkubwa wetu. Alisimama mbele ya ramani muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akasema kwa sauti, "Nani amefanya kazi hii? Huyu mtu ana mkono wa dhahabu."

Mchora Ramani alitoka. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Tajiri aliweka kidole juu ya ghuba. "Hapa ni wapi hasa?"

Na yule mtu ambaye hakumwelekeza mgeni posta, alisimama pale na kumwelekeza tajiri kona kwa kona: barabara ipi uache, mto upi uvuke, mti upi ugeukie, gari laweza kufika wapi, maji hayakauki hata Januari. Alieleza kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa kijana. Niliona kutoka mezani kwangu, na nilimfurahia.

Wakati ule ardhi ya ufuoni ilikuwa ikipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu. Mama wa Ghuba alikuwa amezaa mabinti tu. Alikaa pale kwa sababu mumewe alikaa pale, na baba wa mumewe kabla yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi ya hapo. Shemeji zake waliitwa mahali, wakaketishwa, wakapewa bia na maneno matamu. Waliporudi, ghuba ilikuwa ya tajiri. Atajenga hoteli, walisema. Itakuwa maendeleo.

Mchora Ramani hakujua mpaka alipokwenda kuhakikisha mambo ya mwisho. Alikuta seng'enge kutoka kilimani hadi majini, na askari mwenye rungu ambaye hakumruhusu hata kunywa. Mama hakuwapo. Jiko lilikuwa limebomolewa na mabati yake yamechukuliwa. Alirudi Kisumu na matope mpaka magotini, akaingia kwa mkubwa bila kubisha. Mlango ulibaki wazi, na ofisi nzima ilisikia.

"Wamemfukuza," alisema.

"Nimesikia. Ni jambo la ardhi, si la idara yetu."

"Tumewaita watu wapumzike pale. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Basi ondoa." Mkubwa alisema bila ukali, kama anayemshauri mtu kuhusu dawa ya mafua. "Kazi yako ni kuchora kilichopo. Ua lipo. Lichore. Njia izunguke nyuma, juu ya kilima."

"Kule juu hakuna maji. Na kilima ni kikali, Bwana Mkubwa. Mtu mwenye mzigo atakufa pale."

"Basi kipunguze."

Sote tulingoja. Nilikuwa na hakika kwamba atakohoa kile kikohozi chake, ataweka kalamu mezani na kutoka zake. Wengine walikuwa wameanza kutabasamu, maana sote tulitaka kumwona mtu mmoja katika ofisi ile akimkatalia mkubwa. Alitoka. Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Siku zilizofuata nilisikia wembe tu.

Karatasi ya pili ilipoletwa kwangu nichape maelezo yake, ghuba ilikuwa nyeupe. Mama aliyekuwa akianika omena hakuwapo, wala jiko, wala moshi wake. Palikuwa na mstari mwembamba wa ua. Njia ilipanda nyuma yake, na chini, kwenye ule mstari wa magoti, vilima vyote vilikuwa vimeinuka kama kwanza isipokuwa kimoja. Kile kimoja kilikuwa kimelala kama mgongo wa ng'ombe aliyepumzika.

Niliichukua hadi mlangoni kwake. "Mzee, umekipunguza."

Hakuinua kichwa. "Nyar Maragoli, una watoto?"

"Ninao."

"Wako shule?"

"Mmoja."

"Wangu wanne. Piga chapa."

Nilipiga.

Waliojaribu njia ile kwanza walikuwa walimu vijana wa chuo kimoja, wanaume na wanawake, waliopigiwa ngoma wakitoka. Walifuata ramani. Walipoona kilima kimelala, walibeba maji ya kilima kilicholala. Jua la mchana liliwakuta katikati ya mawe, vibuyu vimekauka, ziwa likimeremeta chini yao upande wa pili wa seng'enge. Mwalimu mmoja wa kike alianguka. Wenzake walimteremsha ndani ya blanketi, na ilikuwa bahati kwamba wavuvi waliwaona. Aliishi, ila hakurudi kufundisha mwaka ule. Katika mkutano uliofuata walimu walisema mengi, lakini lililobaki mjini lilikuwa moja: mchoraji ni mwongo. Mkubwa wetu alikuwa kwenye mkutano huo. Alitikisa kichwa kwa masikitiko na kusema atachunguza.

Njia ya Ziwa ikafa hapo. Ramani zilizochapishwa zilikaa stoo, tarishi akawa anafungia mkate. Hoteli haikujengwa. Lilibaki ua.

Watu hudhani uchungu humfanya mtu awe mnyamavu na mwenye hekima. Yeye ulimfanya mbaya. Vijana wapya walioletwa kufundishwa kazi aliwachania karatasi zao mbele ya wageni. Aliwasikia wakicheka nje, akatoka kuuliza ni nani mwongo hapa. Mwanawe wa mwisho alileta nyumbani picha ya nyumba aliyoichora shuleni, na mama yake aliniambia sokoni kwamba Mzee aliitazama, akaitia motoni, akamwambia mtoto asome hesabu. Mkewe baadaye alikwenda kwao na hakurudi. Mimi mwenyewe nilichoka kumsikiliza nyuma ya ukuta. Alipoacha kazi, hatukumfanyia hata chai. Nasema ukweli, tulishusha pumzi.

Miaka ikapita. Nami niliacha kazi ya serikali, nikafungua duka la nguo za watoto. Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa Nyamasaria, kwenye barabara ya Nairobi. Alikuwa juu ya ngazi akipaka picha ya ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Ng'ombe alikuwa mbaya, miguu kama ya meza. Nilijua amemfanya hivyo kusudi.

Alishuka. Nywele zilikuwa nyeupe. Hakuniuliza hali.

"Nyar Maragoli, yule mama wa ghuba yuko Obunga, hapahapa mjini. Nimejua aliko. Nisindikize."

"Mimi wa nini, Mzee?"

"Mtu hafukuzwi mbele ya mgeni," alisema. Alipanguza mikono kwa mafuta ya taa, nasi tukaondoka.

Nilidhani tutamkuta amevunjika. Mama wa Ghuba alikuwa mnene, mchangamfu, ameketi nje ya chumba cha udongo akikaanga samaki, wateja wamejipanga. Alipomwona Mchora Ramani aliacha kila kitu, akamshika mikono yote miwili.

"Japim! Baba! Bado uko hai!" Akanigeukia. "Mama, huyu mtu nilimtetea mpaka nikagombana na watu. Shemeji zangu walisema ni yeye amenionyesha kwa wanunuzi. Nikawaambia hapana. Huyu wamemwibia kama vile wameniibia mimi. Ketini. Leo mtakula kwangu."

Binti yake alituletea viti. Wateja waliambiwa wangoje. Tuliwekewa samaki mzima, ngege aliyechemshwa kwa nyanya, na ugali mweusi wa mtama na muhogo, na Mama mwenyewe akammiminia Mchora Ramani maji ya kunawa. Ilikuwa heshima kubwa, na angeweza kuipokea. Hakuna mtu Obunga aliyejua lolote. Mimi nisingesema.

Alikaa na mikono imelowa, haigusi chakula.

"Mama, aliyemwonyesha yule tajiri ni mimi."

Mama alicheka kidogo. "Ulimwonyesha ramani. Si ilikuwa kazi yako?"

"Nilimwelekeza kwa mdomo. Alinisifu, nikamwelekeza. Halafu wakaniambia nikuondoe kwenye karatasi. Nyumba yako, jiko, wewe mwenyewe. Nikakuondoa."

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai. Binti alikuja kuyaepua, Mama akamwashiria aondoke.

"Walikupiga?" aliuliza.

"Hapana."

"Walikufunga?"

"Hapana."

"Walikufanya nini?"

"Waliniambia tu."

Mama alimtazama. Nilitamani apige kelele. Wateja walikuwa wamesikia sauti ikibadilika, wakageuka kututazama.

"Nilikuwa nakutetea," alisema.

Mchora Ramani aliinuka, akaisukuma sahani kando.

"Keti," alisema Mama. "Chakula yangu haipikwi ya kutupwa. Keti, kula, maliza. Na usirudi tena hapa."

Akaketi. Akala. Alimla samaki yule wote, akitoa miba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, na Mama alikaa mbele yake akimwangalia mpaka mwisho. Kisha akachukua birika na kummiminia maji ya kunawa, huku ameugeuza uso wake upande wa wateja, akimwuliza wa kwanza anataka samaki wangapi.